Kisanduku cha sayansi kwa watoto: wiki 6, wajukuu wawili, na sindano zangu

Nilinunua kisanduku hiki kwa sababu isiyo ya kisayansi hata kidogo. Wajukuu wawili walikuwa wanakuja kukaa kwangu wiki 6, nami ni fundi cherehani: nyumba yangu ina mikasi, pini na pasi ya moto kila kona. Nilitaka kitu cha kuwaweka mbali na meza yangu ya kazi. Hilo halikufanikiwa. Sasa meza wameikalia wao.

Kwenye boksi wameandika kinafaa watoto wa miaka 6 hadi 12. Wangu ni wa miaka 9 na 6, kwa hiyo nimekijaribu katika ncha ya chini na katikati. Ndani mna sumaku mbili za mche, lenzi ya kukuzia, mirija minne ya plastiki, kidondoshea, puto, kipakiti cha mbegu, na kijitabu chenye majaribio 12. Nianze na kijitabu, maana ndicho kilichonifanya niandike haya.

Karibu kila jaribio linatanguliwa na nafasi tupu yenye maneno mawili: "Bashiri kwanza". Mtoto anaandika au anachora anachodhani kitatokea, ndipo anagusa vifaa. Nilidhani ni urembo wa ukurasa tu. Siku ya sumaku nikaelewa. Mkubwa aliandika kwa kujiamini kabisa kwamba sumaku hunasa metali yoyote inayong'aa. Tukamwaga kopo langu la makorokoro mezani. Pini zikaruka zenyewe, lakini zipu ya shaba ikalala kimya, na vifungo vya alumini navyo havikutikisika. Aliibonyeza sumaku juu ya ile zipu kama anayeibembeleza. Kijitabu kinaeleza kwamba chuma, nikeli na kobalti ndizo metali za kawaida zinazonaswa hivyo. Angeisoma sentensi hiyo bila kubashiri kwanza, ingempita kama zilivyonipita mimi za darasani. Lakini kwa kuwa alikuwa ameandika jibu lake kwa kalamu ya wino, lilimuuma. Mimi mwenyewe nimeokota pini sakafuni kwa sumaku miaka yote hii na sikuwahi kujiuliza kwa nini zipu hubaki.

Ukurasa wa sindano peke yake unatosha kukinunua kisanduku. Unaweka kipande cha karatasi ya shashi juu ya maji kwenye bakuli, unalaza sindano juu yake, unasubiri. Karatasi inalowa na kuzama, sindano inabaki inaelea. Sindano ya chuma! Nililazimika kuvaa miwani. Ukitazama kwa pembeni unaona maji yamebonyea chini yake kama kitambaa kilichovutwa, na kijitabu kinaita hali hiyo mvutano wa uso wa maji. Dondosha tone moja la sabuni ya maji ukingoni mwa bakuli, sindano inazama papo hapo, kwa sababu sabuni inaulegeza ule mvutano. Mdogo alilirudia hili mpaka chupa ya sabuni ikaisha.

Kisha unaambiwa uchukue sindano nyingine, uisugue kwa ncha moja ya sumaku, kutoka tundu hadi ncha, mara 30, kila mara ukiinua sumaku mbali kabla ya kurudia. Uilaze tena ielee kwenye maji safi. Ikageuka taratibu, ikatulia. Tukaizungusha kwa kijiti, ikarudi palepale, imelala kaskazini na kusini. Pembeni mwa ukurasa kuna maneno machache juu ya William Gilbert, tabibu wa Uingereza, ambaye mwaka 1600 alieleza kwamba Dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Hapo ndipo historia inapopendeza, mtoto akiwa bado ana maji mikononi.

Sasa mabaya.

Jaribio la volkano ndilo limepewa picha kubwa juu ya boksi, na ndilo bovu kuliko yote. Siki, magadi soda, rangi nyekundu, povu linafurika, watoto wanapiga kelele. Sina ugomvi na kelele. Ila kijitabu kinaishia hapo, hakisemi kwamba hiyo ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotokana na siki na magadi kukutana, wala kwamba ndani ya mlima halisi hakuna kitu cha namna hiyo. Usiku mdogo akaniuliza, "Bibi, nani anatia siki chini ya mlima?" Nilicheka, halafu nikaona si kichekesho. Mlima hulipuka kwa sababu mwamba ulioyeyuka huwa na gesi ndani yake. Mwamba huo ukipanda juu, mgandamizo unapungua na gesi inatoka kwa nguvu. Chupa ya soda iliyotikiswa ingefanana zaidi na ukweli, na ingewagharimu watengenezaji mistari mitatu tu. Halafu hapa ndipo ile "Bashiri kwanza" haipo. Picha ya boksi imeshamwambia mtoto kila kitu.

Mbegu za kwenye kipakiti hazikuota hata moja kati ya 6. Tulitia maharage yetu kwenye glasi, kati ya kioo na pamba yenye unyevu, yakaota vizuri, na tulipoilaza glasi ubavu mizizi ikapinda kuelekea chini ndani ya siku moja na nusu. Jaribio zuri, mbegu takataka. Lenzi ni ya plastiki na ilikwaruzika wiki ya kwanza. Onyo la kutotazama jua kupitia lenzi limeandikwa ukurasa wa mwisho kwa herufi za sisimizi. Mahali pake ni kwenye boksi, kwa herufi kubwa. Mzazi, lisome wewe kabla hujamkabidhi mtoto.

Kuhusu sisimizi: sura ya wadudu ina picha ya buibui. Mdogo ndiye aliyegundua. Alikuwa amehesabu miguu ya sisimizi kwa lenzi akapata 6, akahesabu ya buibui ukutani akapata 8, na kijitabu hichohicho kinasema mdudu ana miguu 6. Akamkata buibui kwa alama ya X. Kosa hilo nimewasamehe kwa furaha iliyomletea.

Nisichowasamehe ni mchoro wa Dunia na Mwezi. Umechorwa Mwezi ukiwa karibu na Dunia kama jirani anayeomba chumvi, wakati jedwali la nyuma linatoa namba zote sahihi: Dunia kipenyo cha kilomita 12,742, Mwezi 3,474, umbali wa wastani 384,400. Nikasema hesabu za vipimo ndizo kazi yangu, tupime. Tulichukua kifungo cha koti cha sentimita 2 kuwa Dunia, na ushanga wa milimita 5 na ushee kuwa Mwezi. Nikatandaza futi yangu mezani nikawaambia wabashiri. Mkubwa akaweka ushanga kwenye sentimita 10, mdogo kwenye 4. Jibu ni 60. Walinyamaza wote wawili, na mdogo akaenda kupima upya kama futi inadanganya. Kwa kipimo hichohicho Jua lingekuwa duara la upana unaozidi mita 2, na lingekaa umbali wa mita 235 hivi kutoka kwenye kifungo chetu. Hilo hatukulipima, nyuzi zangu zina kazi nyingine.

Kwa hiyo, ununue? Ndiyo, lakini uwe tayari kukaa nao. Kwa mtoto wa miaka 6 peke yake maelezo ni marefu mno na ataishia kwenye volkano tu. Kwa wa miaka 9 anayesoma vizuri, na mtu mzima asiyeona haya kusema "sijui, tujaribu", kinatosha likizo nzima. Nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu ni ya sindano.

Na juu ya sindano, jana mkubwa alikuja na swali ambalo kijitabu hakina ukurasa wake. Sindano yenye sumaku ikikatwa katikati, kila kipande kitafanyaje? Alikuwa tayari ameandika ubashiri wake: kimoja kitajua kaskazini tu, kingine kusini tu. Nilimtolea sindano kuukuu, nikaizungushia kitambaa kinene ili vipande visituruke machoni, nikaivunja kwa koleo. Tukavilaza vielee kwenye mabakuli mawili, mbalimbali ili visivutane. Vikazunguka, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kikalala kaskazini na kusini. Ameshaniomba sindano nyingine, anataka kukata kile kipande.