Cheti cha Power BI cha Microsoft: nililipia kozi Arusha, nikafaulu mezani kwangu Moshi

Mimi ni karani wa hesabu katika kampuni inayokusanya kahawa kutoka AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, za Kilimanjaro. Naishi Soweto, hapa Moshi, na kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa Excel tu: stakabadhi za mapokezi zinaletwa, naingiza kilo, daraja, bei na tarehe, na Ijumaa natoa ripoti. Mwaka jana nilifanya PL-300, mtihani wa Microsoft unaothibitisha kwamba unaweza kuchambua data kwa Power BI, programu yao ya kugeuza data kuwa chati na ripoti. Mara ya kwanza nilipata 641 nikaanguka, mara ya pili 768 nikapita. Alama ya kufaulu ni 700 kati ya 1,000. Naandika kwa ajili ya mwenzangu anayejiuliza kama pesa yake na usiku wake vitarudi. Vyangu vimerudi, ila si kwa njia niliyotangaziwa.

Nianze na kozi, maana huko ndiko pesa ilikopotelea. Kituo kimoja cha Arusha, ambacho sitakitaja, kilitangaza "kozi ya Power BI pamoja na cheti" kwa shilingi 450,000, Jumamosi sita. Kwa hiyo Jumamosi sita nilipanda Coaster alfajiri, Boma Ng'ombe, KIA, Usa River, Tengeru, mpaka mjini, na usiku nikarudi. Darasani tulikuwa kumi na wanne. Mwalimu alikuwa na slaidi, na data ya mfano ya kampuni ya kuuza baiskeli, safi kupita kiasi: hakuna jina lililokosewa, hakuna tarehe iliyopinda. Akibonyeza hapa, nasi tunabonyeza hapa. Jumamosi ya mwisho tukakabidhiwa cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu, tukapiga picha.

Jumatatu nikakipeleka kwa meneja wetu, mama mmoja makini sana. Alikisoma mara mbili, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hiki ni cha kuhudhuria au cha kufaulu?" Sikuwa na la kumjibu. Nilipopiga simu kituoni nikaambiwa mtihani wa Microsoft ni jambo lingine, unajiandikisha mwenyewe na kulipa mwenyewe. Kwenye tangazo neno hilo halikuwepo. Liliniuma, na bado linaniuma nikiwaza vijana waliokuwa wamekopa ada ile wakitegemea kutoka na cheti cha kuombea kazi.

Basi ukiona "pamoja na cheti", uliza kimetolewa na nani na mwajiri atakihakiki wapi. Cheti chenyewe cha Microsoft kinakaa kwenye akaunti yako ya Microsoft Learn, tovuti yao ya mafunzo. Unampa mwajiri kiungo, anafungua, anaona jina lako, siku uliyofaulu na siku kinapoisha. Hakihitaji muhuri.

Na masomo yake ni bure. Hili ndilo sikulijua mpaka nilipokwishatoa zile 450,000. Microsoft Learn ina somo lote la PL-300, moduli kwa moduli, pamoja na mtihani wa majaribio unaoweza kuurudia upendavyo. Programu ya Power BI Desktop nayo ni ya bure, ila inakaa kwenye Windows tu, kwa hiyo mwenye kompyuta ya Apple itabidi atafute njia nyingine. Laptopu yangu yenye RAM ya GB 4 ilikuwa inaganda kila nikifungua faili kubwa. Nilipompelekea fundi akaiongeza ikawa GB 8, ikafanya kazi bila shida. Gharama kubwa iliyobaki ni ada ya mtihani. Marekani ni dola 165, lakini bei hupangwa kwa nchi unayofanyia, kwa hiyo usimsikilize anayekutajia bei ya huko. Jisajili, weka Tanzania, uone yako.

Nilichojifunza kweli nilikijifunza siku nilipoachana na zile baiskeli nikaweka data yetu wenyewe. Nilimwomba meneja ruhusa ya kutumia mapokezi ya msimu uliopita. Akakubali kwa sharti moja: niondoe majina na namba za simu za wakulima, kwa sababu ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nikaziondoa, nikabaki na AMCOS, tarehe, daraja, kilo na bei. Nikachora chati ya kwanza ya kilo kwa mwezi, nikamwonyesha kwa furaha. Akaitazama, akasogeza miwani. "Februari nani anachuma kahawa huku kwetu?"

Kweli, chati ilionyesha kahawa nyingi Februari. Nilikesha nalo usiku mzima. Sisi tunaandika siku kwanza, kisha mwezi: 02/11 ni tarehe mbili Novemba. Kompyuta yangu ilikuwa imewekwa mpangilio wa Marekani, unaoanza na mwezi, kwa hiyo ikasoma Februari 11. Tarehe kama 25/10 haikuweza kuzisoma kabisa, maana hakuna mwezi wa ishirini na tano, zikaandikwa makosa. Hizo angalau zilijionyesha. Zilizoniogopesha ni zile za tarehe moja hadi kumi na mbili, ambazo ziligeuka kimya kimya na kwenda kukaa mwezi usio wao, bila alama yoyote. Dawa yake iko Power Query, sehemu ya Power BI ya kusafishia data: unabonyeza safu ya tarehe kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unabadilisha aina kwa kufuata mpangilio wa nchi, unachagua Tarehe na Kiingereza cha Uingereza, ambako nao wanaanza na siku. Mibofyo minne. Kahawa ikarudi Novemba.

Kitu cha pili kilichonifungua macho ni bei ya wastani. Miaka yote sita nilikuwa nachukua bei za AMCOS, najumlisha, nagawa kwa idadi yao. Sasa fikiria AMCOS moja imeleta kilo 10 kwa shilingi 8,000 kila kilo na nyingine kilo 1,000 kwa 6,000 kila kilo. Kwa mtindo wangu wastani ni 7,000. Lakini pesa iliyotoka ni 6,080,000 kwa kilo 1,010, yaani kama 6,020 kwa kilo. Tofauti ya karibu shilingi elfu moja kwa kila kilo, kwenye ripoti ambayo watu wanaitumia kuamua bei ya wiki ijayo! Kwenye Power BI unaandika kipimo kwa lugha inayoitwa DAX, jumla ya pesa kugawa kwa jumla ya kilo, na kipimo hicho kinajikokotoa upya kila unapochuja, uwe unatazama AMCOS moja, daraja moja au msimu mzima. Nilirudi kwenye ripoti zangu za zamani nikazisahihisha, nikampelekea meneja na maelezo. Lilikuwa jambo gumu kulikiri, lakini ndilo lililomfanya aamini kwamba ninajifunza kitu cha maana.

Sasa mtihani. Umegawanyika sehemu nne: kuandaa data, kuunda modeli, na kuchora pamoja na kuchambua, kila moja kati ya asilimia 25 na 30, kisha usimamizi na usalama, asilimia 15 hadi 20. Hii ya nne ndiyo iliyoniangusha. Inahusu kupandisha ripoti mtandaoni, kugawa ruhusa, na kuhakikisha kila mtu anaona mistari inayomhusu tu. Huwezi kuifanyia mazoezi kwa barua pepe ya Gmail, kwa sababu akaunti ya Power BI ya mtandaoni inataka barua pepe ya kazini au chuoni, na ofisini kwetu sote tulikuwa tunatumia Gmail. Nikaisoma kwa macho tu. Mtihani ukaniuliza mambo ya mikono, nikakwama.

Baada ya kuanguka, unaruhusiwa kurudia baada ya saa 24. Mimi nilisubiri wiki saba. Ofisi ilikuwa inafikiria kupata barua pepe zenye jina la kampuni, tukaharakisha hilo, nikafungua akaunti ya majaribio ya siku 60, na nikafanya kitu kimoja hadi nikakielewa: afisa wetu wa Rombo akifungua ripoti aone AMCOS za Rombo peke yake, wa Hai aone za Hai. Nilipokitengeneza hicho kwa watu halisi ninaowafahamu, maswali ya sehemu ya nne yakawa mepesi. Majaribio yakiisha, leseni ya Pro ni dola 14 kwa mtu kwa mwezi, kwa hiyo ofisi ndogo ihesabu vizuri nani anaihitaji kweli.

Mambo ya siku yenyewe, kwa atakayefanyia nyumbani kama mimi. Majina kwenye akaunti yalingane na kitambulisho chako, herufi kwa herufi. Ingia nusu saa kabla; utapiga picha yako, ya kitambulisho, na ya pande zote nne za chumba. Mimi niliambiwa niondoe kalenda ukutani na daftari la mauzo la mama mwenye nyumba lililokuwa juu ya kabati. Usisome swali kwa sauti. Nina mazoea ya kusogeza midomo nikisoma Kiingereza kigumu, na msimamizi anayekutazama kwa kamera aliniandikia onyo dakika ya kumi, moyo ukanidunda mpaka nikapoteza swali zima. Mara ya pili niliweka ulimi nyuma ya meno muda wote. Umeme nao: laptopu inaweza kuwa na chaji ila waifai ikazima, kwa hiyo niliazima betri ndogo ya kuishikilia.

Na hili la muda walilisahau kabisa kule kozini: mtihani ni dakika 100, na kwa kuwa haupo kwa Kiswahili unaweza kuomba dakika 30 za nyongeza. Unaomba kabla ya kuchagua tarehe, si baada. Mara ya kwanza sikuomba, nikaacha maswali matano bila kuyasoma. Vilevile unaruhusiwa kufungua kurasa za Microsoft Learn ndani ya mtihani, lakini saa haisimami. Nilizifungua mara mbili tu, kuangalia namna ya kuandika amri moja ya DAX. Ukitegemea kutafuta kila jibu humo, utakwisha muda. Kuna na sehemu ambazo ukishatoka huwezi kurudi. Soma onyo kabla ya kubonyeza.

Kuna kijana alinitumia ujumbe anauza "maswali 300 ya kweli" kwa 15,000. Usinunue. Microsoft ikigundua inaweza kukufutia cheti, na hata isipogundua, siku meneja atakapokuuliza kuhusu kahawa ya Februari hutakuwa na jibu.

Kazini, je? Miezi miwili baada ya kufaulu nilibadilishiwa cheo, kutoka karani wa hesabu kuwa msimamizi wa takwimu, na mshahara ukaongezeka 180,000 kwa mwezi. Nilimuuliza meneja kama ni kwa sababu ya cheti. Akasema cheti kilimsaidia kuwashawishi wakurugenzi, lakini yeye alishaamua tangu siku nilipozisahihisha ripoti za zamani. Nadhani hapo ndipo penye thamani ya huu mtihani. Kama una data ya kazi inayokusumbua, iwe ya duka la dawa, shule, au kampuni ya utalii yenye orodha ya wageni, PL-300 itakulazimisha kujifunza mpaka pale ambapo ungeishia njiani. Kama huna data yoyote na unatarajia cheti kikutafutie ajira peke yake, ningekushauri usubiri. Nenda kwanza kajitolee kwenye SACCOS ya mtaani kwako, uwatengenezee ripoti moja, kisha ndipo ulipe ada.

Alama zangu: mtihani na masomo ya bure, nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu nimeitoa kwa sababu ya Kiingereza chake kizito. Kozi ya Arusha, moja, na hiyo ni kwa ajili ya wenzangu wa darasani ambao mpaka leo tunaulizana maswali kwenye simu.

Cheti kinadumu mwaka mmoja. Kukihuisha ni bure, mtandaoni, bila msimamizi, na dirisha linafunguka miezi sita kabla hakijaisha. Kikipita siku yake unarudia mtihani mzima na ada yake. Changu kinaisha Oktoba, nimeshaandika tarehe kwenye ile kalenda, na imerudi ukutani. Jumamosi sasa nakaa na dada wa mapokezi wa ofisini kwetu, ameleta stakabadhi za msimu huu. Juzi aligundua mwenyewe kwamba "Uru Mashariki" tumeiandika kwa namna tatu.