Kipimo cha mapovu ya moyo Mombasa: sindano wanaiweza, ripoti bado

Aliyepata kiharusi kabla ya miaka 60, na presha, sukari, mishipa ya shingo na mapigo ya moyo yakaonekana sawa, anastahili kuangaliwa ukuta unaotenga vyumba viwili vya juu vya moyo. Mtu mzima mmoja kati ya 4 ana kijitundu hapo kisichofunga baada ya kuzaliwa. Wengi hakiwadhuru maisha yao yote. Ila bonge la damu likitoka mguuni, badala ya kunaswa mapafuni, laweza kupenya hapo na kupanda ubongoni.

Eko ya kawaida, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, mara nyingi hukikosa. Kipimo cha mapovu hukifichua: maji yenye mapovu madogo hudungwa mshipani huku moyo ukitazamwa kwa eko. Ndiyo maana tunaisifu kliniki moja ya moyo hapa kisiwani inayokifanya. Branula yao, kile kimrija cha mshipani, ni ya kijani au ya pinki, tena kwenye kiwiko, si ile ya bluu nyuma ya kiganja isiyopitisha maji kwa kasi. Sirinji mbili za mililita 10 huunganishwa kwa koki ya njia tatu; saline (maji ya chumvi) mililita 9 na hewa 1 husukumwa huku na huku hadi maji yawe meupe kama tui. Hewa iliyobaki hutolewa, kisha maji hayo hudungwa papo hapo.

Panapoharibika zaidi ni kwenye pumzi. Mgonjwa akaze kama anayejisaidia, sekunde 10 hivi, aachie pale tu upande wa kulia wa moyo unapojaa mapovu. Akiachia mapema, tundu halifunguki, na majibu yanatoka safi kumbe sivyo. Hapa humfanyisha mazoezi kabla ya sindano, na aliyelegea upande mmoja humbonyeza tumbo. Hilo ni jambo kubwa. Mapovu yakitokea kushoto ndani ya mapigo 3 hadi 5, njia iko moyoni; yakichelewa, shaka huelekea mapafuni.

Ripoti ndiyo inayotusikitisha. Kuandika "tundu lipo" hakutoshi. Daktari anataka idadi ya mapovu, pigo la ngapi, na kama ukuta unayumba, kwa sababu majaribio yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kuziba tundu hupunguza kiharusi cha pili kwa wagonjwa waliochaguliwa vizuri, na uchaguzi huo hutegemea mambo hayo. Kwa mzee mwenye presha, huenda tundu si chanzo kabisa.

Huhitaji kufunga kula. Kwa joto hili kunywa maji, mshipa usijifiche. Beba skani ya kichwa na ECG (kipimo cha umeme wa moyo), na uombe video ya kipimo kwenye flashi. Daktari wa kuziba atataka kuyaona mapovu mwenyewe.