Gereji ya Mwanjelwa iliyofufua waipa za taa za Mercedes yangu

Gari langu ni Mercedes-Benz W126, toleo lililotengenezwa kati ya 1979 na 1991, na lina waipa ndogo mbele ya taa kubwa ambazo wengi hapa Mbeya hudhani ni pambo tu. Kwa anayepanda Tukuyu usiku wa masika, ukungu ukiwa umetanda na malori yakirusha tope, si pambo hata kidogo.

Waipa ya kushoto ilikuwa imekwama kwa miaka miwili, na fundi wa kwanza alitaka kuing'oa kabisa. Gereji hii ndogo ya Mwanjelwa iliifungua mota na kukuta kwamba maji yalikuwa yamepenya kwenye shafti yake hadi kutu ikakamata gia, ingawa umeme ulikuwa unafika vizuri. Waliisafisha, wakaipaka grisi mpya, kisha wakazibua nozeli, yaani kitundu kinachorusha maji kwenye taa, kwa waya mwembamba na kuosha tangi la maji, lililokuwa na ukoko wa chumvichumvi chini. Nilipenda kwamba mkono wa waipa ulirudishwa baada ya mota kujaribiwa na kusimama mahali pake, maana ukifungwa kabla ya hapo huweza kusimama katikati ya kioo cha taa.

Mpira wa waipa haukupatikana, wakakata wa kioo cha mbele kwa kipimo; unafuta vizuri, ila huacha mstari pembeni. Kazi ilichukua siku mbili badala ya moja waliyoahidi. Bado nitarudi kwao.