Fimbo za kuvulia samaki: gani inahimili kazi ya kila wikendi na gani ni hasara

Niko na mabwawa ya tilapia na kambare huku Ruai na wikendi watu wanatoka tao na familia zao wanakuja kuvua, mimi nawakodishia fimbo, kwa hivyo fimbo yangu inapita mikono mingi Jumamosi moja kuliko yako ya kujivinjari Naivasha inavyoshikwa mwaka mzima. Wengine wao hata omena hawajawahi kumuona akiwa hai. Sasa nikisema fimbo fulani inakaa ama haikai, siyo maneno ya kusoma kwa boksi.

Nianze na zile za kuvuta kama eria ya redio. Ndizo zimejaa madukani kwa sababu bei iko chini na zinaingia kwa begi. Kwa kazi nzito achana nazo. Vipande ni vyembamba, mchanga ukiingia kwa viungo zinakwama hazifungi tena, ama kipande kinalegea na kuzama ndani ukiwa katikati ya vita na kambare, halafu pete za kupitishia mshipi ni chache, kwa hivyo uzito haugawanyiki vizuri, unaenda wote kwa sehemu moja. Kuna duka moja waliniuzia hizo kwa bei ya jumla wakiapa ni kaboni tupu, ile ya kwanza kufunguliwa kifuniko cha chini kikatoka na vipande vyote vikateleza vikatokea nyuma. Nikairudisha. Jamaa akaniangalia akasema bidhaa ikishalowa maji hairudishwi. Fimbo ya samaki! Ikishalowa maji!

Kaboni ya ukweli sina ubaya nayo, ni nyepesi na samaki akionja chambo tu unamsikia mkononi, kama unavua peke yako na unajua kutunza vitu nunua. Shida yake ni kugongwa. Ile risasi ya kuzamishia mshipi ikiyumba iigonge, ama mtu aiangushe kwa mawe, inapata kovu dogo hata hulioni, halafu siku nyingine inakatikia hapo hapo pap, na samaki mwenyewe ni tilapia wa sahani moja, mteja anabaki na kipande mkononi akiapa hajafanya kitu, na ni kweli hajafanya, aliyeigonga alishaenda nyumbani wiki iliyopita. Sasa hapo utamlipisha nani? Tena kaboni inapitisha umeme, kwa hivyo kama nyaya za stima zinapita juu ya bwawa lako usiilete kabisa, na mvua ya radi ikinusa tu, weka chini mtoke hapo.

Zile zimebaki kwangu ni faiba, yaani nyuzi za glasi, za vipande viwili, na ile mchanganyiko wa faiba na kaboni. Ugly Stik ya Shakespeare ndiyo watu wengi wanaijua, iko sokoni tangu 1976, na ujanja wake uko kwa ncha, ni faiba iliyojaa, haina uwazi ndani, inapinda ile mbaya na inarudi. Watoto wameikalia, imekanyagwa, imeachwa kwa jua, bado iko kazini. Lakini hata zile faiba za kawaida zisizo na jina nimeona zinakaa, bora ukuta uwe mnene na kiungo kiingie vizuri bila kucheza.

Kitu watu hawaangalii ni pete. Fimbo inaweza kuwa nzima kabisa na inakukatia mshipi kila saa, unalaumu mshipi bure. Pete za bei ya chini ni bati laini, mshipi wenye matope ukisuguana nayo unachimba mfereji, na ule mshipi wa kusukwa ndiyo mbaya zaidi. Pete nzuri iko na duara la kauri ndani, hiyo haichimbiki haraka ila ikigongwa inapasuka ufa mwembamba kama unywele. Mimi napitisha kipamba ndani ya kila pete Ijumaa jioni, pamba ikinasa nyuzi hapo kuna ufa, hiyo fimbo haitoki kesho. Ya nchani ndiyo hufa kwanza, na hiyo ni rahisi, unaipasha moto kidogo inatoka, unaweka mpya na gundi ya kuyeyusha, siyo supaglu, maana ukiweka supaglu siku ya kuibadilisha utavunja ncha yenyewe.

Na si samaki huvunja fimbo, ni mlango wa gari, na ni mtu kuinua fimbo wima kabisa samaki akiwa miguuni pake, uzito wote unarukia ncha. Hapo ni wavu wa mkono tu. Nimeandika hiyo kwa ubao mkubwa na bado naipigia kelele kila Jumamosi.

Kwa hivyo nyota: za kuvuta moja, na hiyo ni ya huruma kwa sababu zinaingia kwa matatu bila kumdunga mtu. Kaboni tatu kwa kazi yangu, tano kwa mvuvi mtulivu. Faiba ya vipande viwili nne, ya tano nimeinyima kwa sababu ya uzito, mtoto akiishika nusu saa mkono unachoka anaanza kuuliza chips ziko wapi.