TAHADHARI: gari aina ya Mazda RX-8 nyekundu inayouzwa na kurudiwa kuuzwa Tabora, Nzega na Kahama

Wakuu, salaam. Naandika kwa ajili ya yeyote aliye Tabora, Nzega, Kahama mpaka Kigoma anayetafuta gari ya mkononi, hasa vijana wenye roho ya gari za spoti. Kuna dalali anazunguka ukanda huu na gari moja mbovu. Anakuuzia, ikikushinda anatokea kama msamaria na kuinunua kwa bei ya kutupa, kisha anamuuzia mwingine. Kwa ninavyojua, mimi ni wa tatu. Jina lake siliandiki, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo na hela ya wakili nimeshaila. Naeleza mtindo wake tu, akija kwako utamjua.

Tangazo lake lilikuwa hivi: "Mazda RX-8, nyekundu, namba D, cc 1300, inanusa mafuta, injini haijaguswa, ni kuwasha na kuondoka, 9.8M maongezi yapo." Picha kali. Ile gari ina milango minne lakini ya nyuma inafunguka kinyume, kama kabati la vyombo, na binti yangu alipoiona kwenye simu hakulala. Mimi mwenyewe nina duka la vifaa vya ujenzi, na miaka yote nimeendesha Passo. Nikajiambia umri huu nikipitwa sirudi.

Kilichonimaliza ni hiyo "cc 1300". Nikamwambia haiwezekani, gari ya spoti cc 1300? Akatoa kadi ya gari. Kweli, imeandikwa 1308. Nikanyamaza. Kwenye karatasi hakudanganya hata nukta, na hapo ndipo penye mtego, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Injini ya RX-8 haina pistoni. Ni rotari. Ndani kuna rota mbili, kila moja ni kama pembetatu iliyovimba mbavu, zinazunguka kwenye chumba chenye kiuno katikati kama karanga kwenye ganda lake. Kila rota inahesabiwa cc 654, mbili zinakuwa 1308. Lakini namna inavyonyonya na kuchoma, matumizi yake ni ya injini kubwa zaidi. Wajapani walioitengeneza wanalijua hilo: kwenye kodi yao ya magari ya kila mwaka, ukubwa wa rotari unazidishwa mara 1.5, kwa hiyo hii inatozwa kama ya karibu cc 2000. Huku kwetu anayesoma kadi anaona namba ya gari ndogo kama IST. Mimi nilijaza tenki mpaka juu, nikaizungusha siku nne hapa mjini, nikajaza tena: lita 20 zimekwenda kilomita 128. Gawanya mwenyewe. Passo yangu ingefika Nzega, ikarudi, na mafuta mengine yakabaki.

Sasa siku ya kuiona. Tulikutana jioni karibu na uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Gari ilikuja ikiwa inaunguruma, kijana wake kwenye usukani. Tukazunguka, nikashika mimi, tukatoka barabara ya Nzega kwenye lami nzuri, nikakanyaga. Wakuu, nisiwe mnafiki, ile gari inapiga kelele tamu. Mshale wa mizunguko unapanda kama hauna mwisho. Nikarudi mjini nimeshaamua.

Njiani nikasema tupite sheli niongeze mafuta kidogo kwa heshima. Tukaingia kwenye pampu, mhudumu, binti mdogo tu, akainama dirishani akasema, "Zima gari, kaka." Dalali akadakia kutoka siti ya nyuma: "Twende mbele, mafuta ya hapa yana maji." Mhudumu akamwangalia tu. Mimi nikacheka nikaondoa gari. Sheli ya pili akasema foleni ndefu. Ilikuwa na bajaji mbili.

Kwa saa nzima na robo tuliyokuwa pamoja, injini ile haikuzimwa hata mara moja. Nilipouliza akaniambia, "Mzee, gari ya spoti haizimwi-zimwi, inaharibu tabo." RX-8 haina tabo, ile turbo ya kusukumia hewa kwenye injini. Hakuna RX-8 iliyotoka kiwandani na tabo. Hilo nimelijua baadaye, kama mengine yote.

Tukaelewana 9.3M. Mkataba tuliuandika stationari, ukurasa mmoja, na ndani yake akapenyeza mstari: "Mnunuzi ameikagua gari na ameridhika na hali yake kama ilivyo." Nikasaini. Kadi ina jina la mtu wa Dar, yeye akasema ni shemeji yake, umiliki tutahamisha wiki ijayo. Hiyo wiki ijayo mpaka leo haijafika.

Asubuhi ya kwanza ikawaka vizuri. Nikaipeleka Soko Kuu, nikanunua mchele, nikakutana na jamaa nikapiga soga dakika kumi na tano hivi. Kurudi, nawasha: stata inazunguka, inazunguka, inazunguka, hakuna kitu. Inazunguka kwa kasi kabisa, kwa hiyo si betri. Lakini nani anafikiria hapo, na watu wameshajaa? Watoto wa sokoni wakaja kusukuma. Gari ni otomatiki, kusukuma ni kuwachosha watoto tu. Nikakaa pale saa mbili chini ya kivuli cha duka la mtu. Ilipopoa ikawaka yenyewe, kama vile hakijatokea kitu.

Fundi wa kwanza akasema betri, 190,000. Wa pili akasema stata, akaifungua, akaisafisha, akabadilisha kaboni. Wa tatu pampu ya mafuta, ikaagizwa kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, ikaja na basi. Kila mmoja akimaliza gari inawaka, kwa sababu imelala gereji usiku kucha na imepoa! Nikitoka nayo, nikisimama mahali, ndiyo basi. Kijana mmoja wa Isevya, fundi mzuri tu wa Toyota, alifungua boneti akatazama muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole: "Mzee, silinda hedi iko wapi?" Haina, hiyo ni ya injini za pistoni. Akawa muungwana, akafunga boneti, hakuchukua hata mia. Huyo namheshimu kuliko wote.

Nilichokuja kuelewa, baada ya kumpata fundi wa Dar anayezijua hizi na kuongea naye kwa simu: kwenye ncha za rota kuna sili zinazozuia pumzi isivuje. Zikiisha au chumba kikiliwa, kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa ndani ya injini, inashuka. Injini ikiwa baridi bado inajikongoja inawaka. Ikipata moto na ukaizima, haiwaki mpaka ipoe. Ndiyo maana dalali anakuja nayo ikiwa inaunguruma. Kuizima mbele ya mnunuzi ni kujitangaza.

Fundi huyo wa Dar alinipa mambo mengine ambayo kila anayeitaka gari hii ayashike. La kwanza oili. Dalali aliniapia kwamba "hii haili oili hata tone." Rotari imeundwa kula oili, kuna pampu ndogo inayodondosha oili ndani ya chumba makusudi ili zile sili zisikauke. Oili isiposhuka kabisa, ama pampu hiyo haipeleki au unadanganywa. Mimi niliona sifa, kumbe ni dalili. La pili, gari hii ukiiwasha baridi, ukaisogeza hatua tatu kupisha nyingine, ukaizima, mafuta yanajaa ndani na plagi zinalowa. Ikitokea, kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini wakati unapiga stata, kompyuta inakata mafuta na hewa inakausha. Plagi ni nne, na za juu na za chini si aina moja. Fundi wangu wa pili alikuwa ameweka nne zinazofanana, na alifurahi kwamba amepata kwa bei nzuri.

Halafu masega. Hapa Tabora ukisema masega mtu anafikiria asali ya Sikonge. Ya kwenye ekzosi ndiyo nazungumzia, yale yanayosafisha moshi. Kwenye RX-8 koili zinazopeleka umeme kwenye plagi zikichoka, mafuta yasiyoungua yanakwenda kuwakia kwenye masega, yanayeyuka, yanaziba njia, joto linarudi kwenye injini, na injini inakufa mapema. Tulipoinyanyua yangu juu tulikuta masega yamekatwa, pamewekwa bomba na kuchomelewa vibaya. Kumbe ile sauti tamu niliyoisikia barabara ya Nzega ilikuwa tundu.

Mpaka hapo nilijua nimeuziwa mbovu. Kwamba ni mchezo nilijua kwa bahati. Nafuta vumbi pembeni ya boneti nikakuta kikaratasi cha kubadilishia oili, kimefifia, kina tarehe, kilomita na namba ya simu ya gereji moja Kahama. Kilomita zilizoandikwa pale zilikuwa nyingi kuliko zilizoko kwenye dashibodi yangu leo, kwa karibu elfu ishirini. Nikapiga. Fundi akapokea, nikamweleza. Kimya kidogo, kisha akacheka: "Ile nyekundu? Bado ipo hai?" Mwenyewe wa kule ni mwalimu, alihangaika nayo miezi minne, ikaishia kukaa juu ya mawe. Akaja mtu akamwonea huruma, akaichukua kwa milioni tatu. Sifa za huyo mwenye huruma nikazijua zote: kofia ya pama, jino la pembeni lina pengo, anakuita "mzee" hata kama amekuzidi umri. Na kabla ya mwalimu kulikuwa na mfanyabiashara wa mpunga wa Nzega.

Siku ya tatu baada ya simu hiyo, dalali akanipigia mwenyewe. Sijui nani alimwambia nimekwama, labda mafundi. Sauti ya msiba kabisa. "Mzee nimesikia gari inakusumbua, mimi naumia, nitakutafutia mtu wa skrepa, tatu na nusu." Nikamwuliza mtu wa skrepa ndiyo wewe? Akakata.

Nilikwenda kwa wakili. Alisoma ule mkataba, akaweka kidole kwenye mstari wa "ameikagua na ameridhika", akanitazama juu ya miwani. Akasema njia ipo, hasa kwenye zile kilomita zilizorudishwa nyuma na umiliki ambao haukuhamishwa, lakini ni safari ndefu. Nimeianza. Kama wewe ni yule bwana wa mpunga, au mwalimu wa Kahama, au yupo mwingine aliyepitiwa, nitafute kwa ujumbe wa faragha. Tukiwa watatu wenye karatasi zetu, hadithi inabadilika.

Kwa aliyeko njiani kwenda kumwona: fika ukiwa hujamtaarifu saa kamili, na shika boneti kwa kiganja. Ikiwa ya moto, sema izimwe, kaa naye mnywe soda dakika kumi au kumi na tano, kisha washa wewe mwenyewe. Akianza habari za tabo, nenda nyumbani. Kama una fundi anayejiamini, pima kompresheni. Geji ya kawaida ya pistoni inashika namba ya juu tu na kuficha ubovu, kwa sababu kila rota ina pande tatu na kila upande una pumzi yake. Fundi atoe kile kivalvu cha kuzuia hewa kwenye geji, apige stata, aangalie mshale: uruke mara tatu tatu kwa urefu sawa. Mmoja ukiwa mfupi, hapo hamna injini. Kipimo kamili kinahitaji kifaa chake, na chini ya kPa 680 (kipimo cha mgandamizo wa hewa) kiwanda chenyewe kinasema imechoka. Na jina la kwenye kadi liwe la anayepokea hela. Shemeji wa Dar asipokelewe.

Gari yenyewe siitukani. Aina hii ilianza kuuzwa 2003, ikaacha kutengenezwa 2012, na kule Marekani Mazda waliongeza dhamana ya injini za toleo la 2004 mpaka 2008 ziwe miaka 8 au maili 100,000, kwa hiyo tatizo si uzushi wa mafundi wa Isevya. Kuna watu wanazo, wanazitunza, wanazifurahia. Lakini wanakaa jirani na fundi wa rotari na spea. Mimi nikihitaji koili, naisubiri stendi kama mgeni.

Yangu sasa iko Ipuli, chini ya mwembe, kuku wanalala juu yake na binti yangu anafungua ile milango ya kabati kuwaonyesha wenzake wa shule. Dalali ameshaweka Altezza nyeupe kwenye matangazo yake, maneno ni yaleyale, "injini haijaguswa". Na jana usiku alipiga tena, namba mpya, amepanda mpaka nne kamili. Nimemwambia sawa, hela aje nayo taslimu, ila nitaizungusha kwanza mpaka Kanyenye na kurudi, nitaizima, tutakunywa chai, halafu ataiwasha yeye, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na simu inarekodi. Amesema atanipigia.