Nilivyobanwa getini usiku wa Idi Pili, Tanga

Naandika haya mkono wangu wa kushoto bado una kovu la bati. Nilingoja wiki mbili nikitumaini hasira itapoa, haikupoa. Kwa anayetaka jibu la haraka: nyota moja kati ya tano. Na ukifika kwenye shoo yoyote ya uwanja wa mabati ukakuta geti ni moja tu, la kuingilia na kutokea, geuza urudi nyumbani hata kama umeshalipa.

Ulikuwa usiku wa singeli, Idi Pili, ndani ya ua uliozungushiwa mabati upande wa Ngamiani. Jina la ukumbi na la promota silitaji, maana nyua za namna hii ziko nyingi na kasoro zake ni zile zile. Kiingilio kilikuwa shilingi 7,000 ukilipa mapema kwa simu, 10,000 getini. Nililipia wawili, mimi na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye ndiyo kwanza kamaliza kidato cha sita. Mama yake alikubali kwa shingo upande. "Haya, nimekukabidhi mwanangu," aliniambia tukiwa tunatoka. Nikamwitikia, "Nimempokea, mama."

Muziki sina la kuulalamikia. Spika zilikuwa safi, DJ anaijua kazi yake, na mpaka saa tano usiku tulikuwa tunacheza na nafasi ya kurusha mikono ipo. Shida ilianzia getini. Geti lenyewe ni la chuma, upana wake kama mita moja, na linafunguka kwa ndani. Choo kiko nje ya ua. Kwa hiyo kila aliyebanwa na haja alipita pale pale wanapopita wanaoingia. Mabaunsa walikuwa wawili: mmoja anachana tiketi, mwingine anapokea hela mkononi na kuzifunga kwa mpira. Hakuna aliyekuwa akihesabu watu.

Saa saba kasoro MC akatangaza kwamba msanii ameshafika, yuko nje kwenye gari. Naye ilibidi apitie geti hilo hilo. Walioko nje wakasukuma waingie naye. Walioko ndani wakasogea wamwone. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunarudi kutoka chooni, tukawa katikati.

Watu hudhani hatari ni kuanguka na kukanyagwa. Mimi sikuanguka. Hata ningetaka kuanguka nisingeweza. Mikono yangu ilinaswa chini, kiatu kimoja kikatoka, kisha nikahisi miguu haigusi ardhi na bado naenda, napelekwa kushoto, narudishwa kulia, kama jahazi lililokatika nanga. Shavu langu lilikuwa limegandamizwa kwenye mgongo wa kaka mmoja aliyelowa jasho, nikasikia moyo wake unavyopiga. Nilipotoa pumzi kifua kikabonyea, na nilipotaka kuvuta nyingine hakikuwa na pa kutanukia. Mdogo wangu aliita "Dada!" mara mbili. Mara ya tatu midomo ilicheza bila sauti. Na jukwaani MC bado anauliza, "Tanga mpooo?"

Aliyetuokoa si baunsa. Nje ya uzio kulikuwa na kijana anayekaanga mihogo. Aliona mabati yanatuna kuja kwake, akasikia yanavyolia, akawaita bodaboda waliokuwa wanasubiri abiria. Mmoja akaja na spana, mwingine na kipande cha nondo, waking'oa misumari mpaka bati moja likafunguka chini. Tulitolewa pale mmoja mmoja kwa kuvutwa mikono. Ndipo nilipochanika. Wasichana wawili walitoka wamezimia, wakamwagiwa maji na kupepewa kwa khanga mpaka wakazinduka. Huduma ya kwanza haikuwepo, si gari, si hata sanduku. Muziki haukuzimwa.

Kesho yake promota alisema ni vijana wachache wakorofi walioleta fujo. Kauli hiyo imeniuma kuliko mkono. Sikuona mkorofi. Niliona watu wanaopiga kelele wakiomba nafasi, na wa nyuma yao hawasikii kwa sababu ya spika, nao wanasukumwa na wa nyuma yao.

Nikaamua kupiga hesabu. Jumatatu mchana nilirudi nikaupima ua kwa hatua. Ukitoa jukwaa, kaunta ya vinywaji na meza za VIP, panabaki kama mita za mraba 380. Tiketi yangu ina namba 1746. Labda namba hazikuanzia moja, lakini kama zilianzia hapo, ni zaidi ya watu wanne na nusu kwa kila mita ya mraba, kabla hujawahesabu waliolipa taslimu na kupita bila tiketi. Wataalamu wa usalama wa mikusanyiko wanasema ukivuka watu wanne au watano kwa mita moja ya mraba, unaingia hatarini. Wakifika sita, saba, umati unakwenda kama maji na mtu hana tena uamuzi wa mwili wake. Ndicho kilichonikuta, maana hatukuwa tumetawanyika sawasawa, wote tulirundikana upande wa geti. Tena mwongozo wa Uingereza wa viwanja vya michezo unakadiria kwamba mlango wa mita moja kwenye sakafu tambarare hupitisha watu 82 kwa dakika. Kwa watu 1,746 ni dakika 21, na hapo wawe wanatoka tu, hakuna anayeingia. Moto ungezuka kwenye jenereta, nani angesubiri dakika 21?

Tusiseme ni mambo ya mbali. Idi el-Fitri ya Oktoba 2008, kule Tabora, watoto wapatao 20 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya ukumbi wa disko toto. Ndiyo maana mpaka leo sikukuu zikikaribia polisi wa mikoani hutangaza kupiga marufuku disko toto. Watoto tumewazuia, ila wakubwa wanafungiwa kwenye mabati yale yale. Na huko Duisburg, Ujerumani, Julai 2010, kwenye tamasha la Love Parade, watu 21 walipoteza maisha kwenye njia iliyotumika kuingilia na kutokea kwa wakati mmoja. Niliposoma habari hiyo niliweka simu chini.

Siku hizi promota anasifiwa kwa nyomi. Picha ya usiku ule ilirushwa mtandaoni na maneno "nyomi la kufa mtu", na mimi nimo kwenye picha hiyo, kona ya kulia. Naomba tuache kuipenda sifa hiyo.

Ukijikuta umebanwa, kunja mikono mbele ya kifua kama bondia mapema, kabla haijanaswa, ili mbavu zipate nafasi. Usipige kelele, pumzi utaihitaji. Usishindane na wimbi. Likitulia kidogo, sogea kwa mshazari kuelekea pembeni, lakini usikubali kuegemezwa ukutani. Kilichoanguka kiache. Mimi nilitaka kuinamia kiatu, na kaka yule mwenye jasho ndiye aliyenikaripia nisithubutu.

Hela yangu nimeidai, nimejibiwa kwamba huduma nilipata. Siku ile ya Jumatatu nilipokwenda kupima nilipita pia nyuma ya ua, kwenye lile bati. Limesharudishwa, misumari imeongezwa, na kwa ndani wamepitisha ubao. Nikamuuliza mzee mlinzi, "Shikamoo baba, hapa si ndipo watu walipotokea?"

"Marahaba mwanangu. Ndipo hapa. Nimeambiwa nikaze, wasije wakapenya wa bure."