TAHADHARI: "Shirika la kusaidia wahamiaji" linalotoza ada za fomu ambazo serikali haitozi

Ndugu zangu mlioko Kentucky, na nyie wa Ohio na Indiana pia maana jamaa huyu hatulii sehemu moja: kuna mtu anazunguka na "shirika" la msaada wa sheria na huduma za jamii kwa wahamiaji, na anawaliza watu wetu. Jina la shirika siliandiki. Ameshalibadilisha na atalibadilisha tena, kwa hiyo mkilikariri atawapitia na jipya. Afadhali mjue anavyofanya kazi.

Anakuja na Kiswahili safi, Kinyarwanda cha kutosha na Kifaransa cha kuchanganyia. Anapatikana makanisani watu wakitoka ibadani, na kwenye maduka yetu ya unga wa muhogo na ndagala, ambako amebandika tangazo lenye bendera ya Marekani, mizani ya mahakama na neno BURE kwa herufi kubwa. Ofisi anayo. Ina zulia, printa, viti vya kusubiria, na ukutani kuna cheti cha usajili wa shirika lisilo la faida ndani ya fremu. Hicho cheti ndicho kinachowamaliza watu. Wakikiona wanasema huyu anajulikana na serikali.

Cheti chenyewe huenda ni halali kabisa. Kusajili shirika kwenye jimbo ni kujaza fomu na kulipa ada ndogo, na hata ile hadhi ya 501(c)(3), ya shirika lisilo la faida, inayotolewa na IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) ni habari ya kodi tu. Haimpi mtu ruhusa ya kukushauri juu ya kesi ya uhamiaji wala kukusimamia mbele ya jaji. Watu wa kuwategemea kwa kazi hiyo ni wa aina mbili: wakili mwenye leseni, na mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani (DOJ) anayefanya kazi ndani ya shirika ambalo wizara hiyohiyo imelitambua. Wawakilishi hao nao wana madaraja. Mwenye idhini ya sehemu anaishia kwenye maombi ya USCIS (idara ya uhamiaji inayopokea fomu) na ofisi nyingine za Usalama wa Ndani, mwenye idhini kamili anaweza kukusimamia hata mahakama ya uhamiaji. Majina yao na ya mashirika yao yamo kwenye orodha ya EOIR, ofisi ya DOJ inayosimamia mahakama za uhamiaji, katika tovuti ya justice.gov, yamepangwa kwa jimbo. Huyu wetu hayumo, yeye wala "shirika" lake. Ukimuuliza anakuonyesha muhuri wa notari. Ndugu zangu mliotoka Bukavu au Bujumbura, notari wa hapa si mwanasheria, kazi yake ni kushuhudia sahihi.

Sasa pesa. Mkimbizi akishatimiza mwaka mmoja hapa anatakiwa kuomba Green Card kwa fomu I-485. Jamaa anafungua tovuti ya USCIS mbele yako, simu anakushikisha mwenyewe, anakuonyesha dola 1,440. Ni kweli imeandikwa. Asichokuonyesha ni mstari wa chini yake: aliyeingia kama mkimbizi hatozwi kitu kwa fomu hiyo. Serikali haichukui hata senti, yeye anachukua 1,440 kwa Zelle au Cash App (pesa za kutumiana kwa simu) kwenye jina la mtu binafsi, halafu juu yake anaongeza "mchango wa faili". Kuna familia zimelipa kichwa kwa kichwa, baba, mama na watoto. Piga hesabu mwenyewe ya nyumba ya watu saba.

Mama mmoja tunayesali naye aliingia Septemba 2023, mumewe akabaki kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, Tanzania. Alikwenda kwa huyo jamaa kufungua I-730, ombi la kumleta mume au mke na watoto. Fomu hiyo nayo haina ada. Alilipishwa "ada ya serikali", "ada ya ubalozi" na pesa ya tafsiri, na kila alipouliza alijibiwa, "Mama, dosiye yako iko inatembea, utulie tu." I-730 inatakiwa kuingizwa ndani ya miaka miwili tangu siku mtu alipoingia kama mkimbizi au alipopewa hifadhi. Miaka miwili ikapita mama ametulia.

Alipoanza kuwa na wasiwasi aliniletea risiti nimsomee, maana mimi ni mkalimani na watu wamezoea kuniletea barua zao. Karatasi ilikuwa nzuri kuizidi ya kweli, ina nembo na mistari ya rangi. Namba ilianza na IOE. Nikahesabu tarakimu kwa kidole, nikarudia: zilikuwa tisa. Namba ya risiti ya USCIS ni herufi tatu na tarakimu kumi, haipungui wala haizidi. Niliiingiza kwenye ukurasa wa kuangalia hali ya kesi, ikakataliwa palepale. Fungueni mafaili yenu usiku huu mhesabu. Kesi ikishapokelewa kweli, karatasi ya I-797C inatoka USCIS moja kwa moja na kuja kwenye anwani uliyoiandika, kwa hiyo hakikisheni pia kwamba anwani iliyoandikwa kwenye fomu ni yenu. Huyu bwana huandika ya ofisini kwake.

Na hapo kwenye anwani ndipo hasara inapovuka pesa. Kuna kijana, yeye si mkimbizi, aliingia kwa viza, aliyeahidiwa kibali cha kazi ndani ya wiki chache. Kumbe kilichopelekwa kwa jina lake ni ombi la hifadhi, I-589, lenye hadithi ya mtu mwingine: kijiji kingine, kabila lingine, ndugu waliouawa ambao hajawahi kuwa nao. Chini kuna sahihi yake, kwa sababu alitia sahihi karatasi tupu. Sehemu ya aliyeandaa fomu imeachwa wazi, ingawa sheria inamtaka anayekujazia fomu aandike jina lake na kutia sahihi. Wito wa mahakama unatumwa ofisini kwa jamaa. Kijana asipouona na asipotokea, jaji anaweza kuamuru aondolewe nchini bila yeye kuwepo. Kuhusu hicho kibali: kwa ombi la hifadhi, sheria hairuhusu kitolewe kabla ombi halijakaa siku 180. Anayewaahidi kwa wiki anajua anachofanya.

Upande wa "huduma za jamii" ni mchezo uleule. Anawasaidia watu kuomba stempu za chakula na Medicaid (bima ya afya ya serikali), vitu ambavyo unaviomba bila kulipa, na katika kusaidia huko anachukua namba ya Social Security ya kila mtu nyumbani na namba ya siri ya kadi ya EBT, ile ya stempu za chakula. Shirika la kweli halina haja na namba yako ya siri.

Naelewa kwa nini watu wanamkimbilia. Tangu Januari 2025 mpango wa kupokea wakimbizi uliposimamishwa, mashirika ya kweli yamepunguza wafanyakazi na foleni zimekuwa ndefu, na huyu anakupokea leoleo na chai juu. Ila kuchelewa kwenye foleni ya kweli kuna dawa. Kesi iliyoharibiwa inahitaji wakili, na wakati mwingine hata wakili anakwama. Msidhani pia kwamba kila anayetoza ni mwizi: mashirika yaliyotambuliwa yanaruhusiwa kutoza kiasi, yanakupa mkataba wa maandishi na risiti, na yanatia sahihi fomu G-28 kuonyesha kwamba yanakuwakilisha. Mwambie mtu atie sahihi G-28 uone atakavyokohoa.

Wale mnaotafuta msaada Facebook mjihadhari zaidi. Majina ya mashirika makubwa kama Catholic Charities yamekuwa yakiigwa na matapeli, wanaanza na ujumbe wa WhatsApp, wanamalizia na "usaili" wa video mbele ya mtu aliyevaa sare. USCIS haifanyi usaili wa WhatsApp.

Kama ameshachukua makaratasi yako, yadai. Vyeti vyako vya asili ni mali yako hata kama unadaiwa. Kisha omba nakala ya faili lako USCIS kupitia FOIA (sheria ya haki ya kupata taarifa za serikali), kuomba hakuna ada, ujue nini kimepelekwa kwa jina lako. Mwenye kesi mahakamani apige 1-800-898-7180, aingize A-Number yake (namba yake ya uhamiaji), asikie tarehe yake mwenyewe. Ukihama, mahakama inataka taarifa ndani ya siku tano na USCIS ndani ya siku kumi, na ni taarifa mbili tofauti. Kushtaki utapeli unaandika kwenye ReportFraud.ftc.gov, au kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Screenshot za Zelle msizifute, hata zinazowatia aibu.

Yule mama amepata wakili kupitia shirika lililo kwenye orodha. I-730 imeshaingia pamoja na ombi la kusamehewa kuchelewa, kwa sababu kanuni zinaruhusu muda kuongezwa kwa sababu za kibinadamu. Jibu bado. Wakili anakusanya wengine waliopigwa na mtu huyuhuyu, na risiti zenye IOE na tarakimu tisa zinamsaidia sana. Mlio nazo niambieni niwaunganishe naye, lakini picha za pasipoti na makaratasi yenu msinitumie mimi. Mimi si wakili.